Presha Haipigi Hodi: Tupimwe, Tupunguze Chumvi, Tusiache Dawa

Haya ni maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi waliokusanyika katika uwanja wa zahanati siku ya kupima presha bila malipo. Tumeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria, na kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Mmezoea kuniona nikiwa na kamera shingoni, nikizunguka kuwapiga picha viongozi wakihutubu. Leo kamera nimemwachia mwenzangu, nami nimeombwa niseme machache. Niseme mapema kwamba mimi si daktari. Nimesomea uandishi wa habari. Kazi yangu ni kusoma yale ambayo wataalamu wameandika, kuwauliza maswali mpaka wachoke nami, kisha kuyaleta nyumbani kwa lugha tunayoielewa. Ukiwa na swali kuhusu mwili wako wewe, wauguzi wako pale chini ya mwembe. Wao ndio wenye jibu.

Nitaanza na mama yangu mkubwa, dada yake mama. Amenipa ruhusa ya kusimulia habari hii, na alisisitiza niisimulie yote.

Mama mkubwa amekaanga mihogo kando ya stendi ya matatu kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni mwanamke mwenye nguvu zake. Siku moja alikwenda zahanati kwa sababu ya goti, akapimwa presha, akaambiwa iko juu. Akapewa dawa za mwezi mzima. Alizimeza wiki mbili, akajisikia vizuri tu, kama alivyojisikia hata kabla ya kuanza dawa. Jirani yake akaja akilalamika kichwa kinamgonga. Mama mkubwa akamwonea huruma, akamgawia zile dawa zilizobaki. Hakurudi tena zahanati.

Miezi kadhaa baadaye, alfajiri, kikombe cha chai kilimponyoka mkononi. Akataka kuinama akiokote, mguu ukakataa. Alipoita watu, maneno yalitoka yamekunjamana. Nyumbani wakasema ni upepo umempiga. Wakamkanda kwa mafuta, wakamlaza, wakasubiri. Walimfikisha hospitalini jioni, jua likizama. Kilikuwa kiharusi.

Yuko hai, tunashukuru. Lakini mkono wake wa kulia hauinui karai tena. Mihogo inakaangwa na mjukuu wake, naye ameketi kwenye kiti pembeni akihesabu pesa kwa mkono wa kushoto. Aliponiruhusu kusimulia, aliniambia polepole, neno kwa neno: "Waambie sikuwa naumwa popote."

Ugonjwa usiouma

Maneno hayo ya mama mkubwa ndiyo sababu ya mkutano huu. Malaria hukutetemesha. Jino hukunyima usingizi. Presha ya juu, au shinikizo la damu kama wanavyosema kwenye redio, kwa watu wengi haileti dalili yoyote mpaka siku imeshaharibu kitu. Inaweza kukaa mwilini miaka kumi ikisukuma damu kwa nguvu kupita kiasi, ikichosha moyo, ikikaza mishipa ya ubongo, ikiharibu figo na macho, nawe unalima, unavua, unacheza ngoma harusini.

Mwaka 2015 serikali yetu ilifanya utafiti wa kitaifa uitwao STEPS, ukiwahusu watu wazima wa miaka 18 hadi 69. Ulionyesha kwamba karibu watu 24 katika kila 100 walikuwa na presha ya juu. Na zaidi ya nusu ya watu wazima, yaani 56 katika kila 100, walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja maishani mwao.

Tazama benchi ulilokalia. Kama mko wanne, kwa wastani wa nchi mmoja wenu anayo. Na huenda yeye mwenyewe hajui.

Presha si ya wazee na matajiri tu

Nimesikia watu wakisema presha ni ugonjwa wa wazee, au wa wanene, au wa watu wa mjini wenye magari. Kuna utafiti mmoja uliofanywa hapa hapa Kenya ambao kila mzazi mwenye kijana Mtwapa au Mombasa anafaa kuujua.

Watafiti waliwafuata vijana wa jamii ya Waluo waliotoka vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria wakahamia Nairobi kutafuta kazi. Walikuwa zaidi ya 300. Walipimwa mara tu baada ya kufika mjini, kisha wakapimwa tena na tena hadi miaka miwili. Kule kijijini nako wakapimwa wenzao waliobaki, ili kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ.

Waliohamia mjini presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao wa kijijini, na tofauti hiyo haikungoja uzee. Ilionekana mapema, ndani ya miezi ya mwanzo. Walipopimwa mkojo, ilibainika kwamba sodiamu, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya chumvi, ilikuwa imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu, ambayo tunaipata kwenye matunda, mboga na kunde. Damu yao ilikuwa ile ile waliyozaliwa nayo. Kilichobadilika kwanza ni sahani.

Na siku hizi huhitaji kupanda basi ili kuhamia mjini. Mji umekuja kijijini ndani ya pakiti. Vidonge vya kuungia mchuzi, viungo vya unga vya pakiti, noodles, soseji, chipsi za kufungiwa kwenye gazeti, vyote vina chumvi.

Chumvi ya kwetu

Sisi watu wa Kilifi na chumvi ni ndugu. Kule Magarini, kuanzia Gongoni hadi Marereni na Kurawa, maji ya bahari hupelekwa kwenye mashamba, jua likayakausha, ikabaki ile nyeupe. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya hutoka huko. Kuna watoto waliosomeshwa na kazi hiyo. Kwa hiyo sikuja hapa kuitukana chumvi. Mwili unaihitaji, na ile ya madukani hutiwa madini ya joto ambayo mama mjamzito na mtoto wanayahitaji. Shida ni kipimo.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa siku nzima, pamoja na iliyomo ndani ya mkate, ng'onda na vidonge vya mchuzi. Shirika hilo linasema wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Inafanyaje kazi? Chumvi ikizidi, mwili hushikilia maji ili kuizimua. Maji yakizidi kwenye damu, mishipa hujaa na kukaza, kama mpira wa kumwagilia shamba ukifunguliwa bomba hadi mwisho. Moyo nao unalazimika kusukuma zaidi.

Sasa nani hapa anajua nyumba yake inakula chumvi kiasi gani? Hatujui, kwa sababu tunatia kwa vidole. Muuguzi mmoja alinifundisha hesabu rahisi. Chukua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, yaani gramu 500. Kama nyumbani mko watu wazima watano, kila mmoja gramu 5, hizo ni gramu 25 kwa siku. Gawanya 500 kwa 25. Pakiti hiyo isiishe kabla ya siku 20. Na kwa kuwa tunakula chumvi nyingine ndani ya mkate na vitu vya dukani, inafaa ikae zaidi ya hapo. Siku ya kuifungua, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Nilipofanya hivyo kwangu, tukiwa watu wazima watatu, pakiti iliisha siku ya kumi na sita. Ilifaa ikae zaidi ya mwezi. Nilikaa kimya.

Kupunguza si lazima kuwe adhabu. Punguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, ulimi utazoea. Ng'onda na papa mkavu wakilowekwa majini, na maji yakabadilishwa mara mbili tatu kabla ya kupikwa, hutoa chumvi nyingi. Mchuzi wa nazi uliotiwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na bizari una ladha yake bila vidonge viwili vya dukani. Ukitia kidonge, usitie tena chumvi. Kile kikopo cha chumvi na pilipili kwenye mihogo, viazi karai na maembe mabichi, tumia pilipili na ndimu zaidi, chumvi kidogo. Na mkebe wa chumvi usikae mezani. Watu wengi hunyunyiza kabla hata hawajaonja.

Upande wa pili wa sahani ni potasiamu, na hapo Mungu ametupendelea: ndizi, mchicha, kunde, mbaazi, maharagwe, viazi vitamu, madafu.

Kuna utafiti mkubwa wa karibuni ambao umeonyesha jinsi pande hizi mbili zinavyofanya kazi pamoja. Ulifanywa katika vijiji 600 vya mashambani nchini China, ukachapishwa mwaka 2021. Walishiriki karibu watu 21,000, wengi wao wakiwa wamewahi kupata kiharusi, na wengine wakiwa na miaka 60 au zaidi na presha ya juu. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi yao ya kawaida. Nusu nyingine vilipewa chumvi ambayo robo yake imebadilishwa kwa kloridi ya potasiamu. Hawakuambiwa waache kupika vyakula vyao. Baada ya karibu miaka mitano, waliopewa chumvi ile walipata kiharusi kidogo kuliko wenzao kwa asilimia 14, na vifo vilipungua kwa asilimia 12.

Mwezi Januari 2025 WHO nayo ilitoa mwongozo wa kuunga mkono chumvi za namna hiyo kwa watu wazima wanapopika nyumbani. Lakini nisikilizeni vizuri hapa. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse bila kuongea na daktari, maana figo dhaifu hushindwa kutoa potasiamu, nayo ikijaa mwilini huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Vivyo hivyo kwa wanaotumia baadhi ya dawa za presha. Mjamzito naye aulize kliniki kwanza. Na kama hutaipata kwenye duka la kijijini, au bei imekushinda, usihuzunike. Punguza ile uliyo nayo, ongeza mchicha na kunde.

Sasa niseme habari yangu

Niliahidi wenzangu kazini kwamba leo nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani.

Mwaka jana tulikuwa na siku ya kupima presha kama hii. Mimi nilikuwa kazini, nikiruka huku na huku na kamera. Muuguzi mmoja akaniita: "Wewe umepiga picha watu sitini wakipimwa. Wewe nani atakupiga picha?" Watu wakacheka. Nikakaa, nikakunja nne, nikaendelea kuzungumza na simu. Mashine ikasoma 156 kwa 102.

Nikamwambia mashine yake mbovu. Nilikuwa na miaka 34. Sijanenepa, sivuti sigara. Hakubishana nami. Alisema, "Zima simu. Kanyaga chini miguu yote miwili. Kaa kimya dakika tano." Akapima tena: 150 kwa 98. Akaniandikia kikaratasi, akaniambia nirudi siku nyingine. Nilirudi mara tatu ndani ya wiki mbili. Kila mara namba ya juu ilipita 140. Afisa wa kliniki akaniambia: hii ni presha, tuanze kazi.

Mnajua nilifanya nini? Nilificha dawa kwenye mkoba wa kamera. Miezi miwili nilikuwa naandika mabango ya kuwaambia nyinyi msione haya kupimwa, na mimi mwenyewe nameza dawa chooni mwenzangu asinione. Nilidhani watasema nimezeeka, au nimepatwa na jambo. Aliyenitoa haya ni mama mkubwa. Nilipomweleza, aliuliza swali moja tu: "Unazimeza zote, au unagawa?"

Kipakiti changu ni hiki hapa. Nimemeza asubuhi, na kabla ya kupanda hapa wamenipima: 128 kwa 82.

Kupimwa vizuri

Habari yangu ina somo kuhusu kipimo chenyewe. Namba hupanda na kushuka siku nzima. Ukipimwa umetoka kukimbia, umekunywa kahawa, umevuta sigara, au umebanwa na mkojo, itapanda. Kwa hiyo pumzika dakika tano, kaa umeegemea kiti, miguu isipishane, usizungumze.

Na mkono uwekwe juu ya meza, usawa wa moyo. Jambo hili linaonekana dogo. Mwaka 2024 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima 133 mikono ikiwa imewekwa kwa namna tatu. Mkono ukilazwa mapajani, namba ya juu ilizidi ile ya mezani kwa karibu 4. Ukining'inia ubavuni, ilizidi kwa 6 na nusu. Hiyo inatosha kumwandikia mtu ugonjwa ambao hana. Ukiona tumesahau kukuwekea mkono mezani, tukumbushe. Huo si utovu wa adabu.

Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, ambao wako hapa Kilifi tangu 1989, waliwahi kuwavisha wakazi wa kaunti yetu mashine ndogo inayopima presha kwa saa 24, mtu akiwa shambani, akila, akilala. Walichapisha matokeo yao mwaka 2016. Walikuta watu ambao presha hupanda wanapopimwa tu, lakini huwa sawa wakiwa kwao. Walikuta pia wengine ambao mbele ya muuguzi wako sawa, lakini wakiwa kwao iko juu. Kwa hiyo kipimo cha siku moja hakitoshi kukuhukumu wala kukupa amani ya milele. Ukiambiwa iko juu, usikimbie. Rudi upimwe tena.

Namba zenyewe ni mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapopiga. Ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapopumzika. Karibu na 120 kwa 80 ni pazuri. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa siku tofauti, inahitaji matibabu. Ikifika 180 kwa 120, nawe una maumivu ya kifua, unahema, huoni vizuri au umechanganyikiwa, hapo hakuna kusubiri kesho.

Mkanda umefika mlangoni

Septemba 2023 nchi nzima ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, na mikoba yao ina mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Hawa ni majirani zetu. Wengine wako hapa. Akija kwako, usimwambie una haraka.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mpango wa namna hiyo umejaribiwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wahudumu wa jamii waliwatembelea nyumbani watu wenye presha katika vijiji vya Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka. Waliwapima, wakawashauri, na waliozidi wakawapeleka kwa daktari. Baada ya miaka miwili, presha ya waliotembelewa ilikuwa imeshuka kwa takriban namba 5 zaidi ya wale wa huduma ya kawaida. Vijiji hivyo vilikuwa vijiji tu, kama vyetu. Vilikuwa na mtu anayebisha mlango, na mwenye nyumba anayefungua.

Kuhusu dawa

Hapa ndipo tunapopoteza watu wengi, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Dawa ya presha si kama ya malaria, ukamaliza dozi ukapona. Inashikilia presha isipande. Ukijisikia vizuri, ni kwa sababu inafanya kazi, au ni kwa sababu ugonjwa wenyewe hauumi. Katika hali zote mbili, kuacha ni hatari. Usigawe, usiazime ya jirani. Dawa inayomfaa yeye inaweza kukudhuru wewe. Kwa mfano, ziko dawa za presha ambazo mjamzito hatakiwi kabisa kuzitumia. Na wewe mama mjamzito, presha yako ipimwe kila uendapo kliniki, maana ikipanda inaweza kuleta kifafa cha mimba.

Wanaume huniuliza pembeni, kwa sauti ya chini: dawa hizi si zinamaliza nguvu? Nijibu kwa sauti ya juu. Presha yenyewe isipotibiwa huharibu mishipa, pamoja na ile mnayoiwazia. Zipo dawa ambazo kwa baadhi ya watu huleta shida hiyo, kama zilivyo zinazoleta kikohozi kikavu na zinazovimbisha miguu. Dawa ziko za aina nyingi. Mweleze afisa wa kliniki akubadilishie. Usiache kimya kimya.

Ndugu zangu Waislamu, Ramadhani isiwe mwezi wa kuacha dawa. Nenda zahanati kabla ya mfungo, upangiwe saa za kumeza, daku au futari.

Mitishamba nayo siidharau. Nimekulia chini ya mwarubaini. Ukitumia, mwambie muuguzi, na usiiweke mahali pa dawa uliyoandikiwa.

Najua pia kuna anayetaka kunyosha mkono aseme: "Afisa, mimi nilikwenda dawa hakuna." Ni kweli, hutokea, na haifai kutokea. Ninachowaomba ni hiki. Rudi dawa zikiwa bado za siku tano au saba, usingoje kidonge cha mwisho. Ukikuta zimekwisha, uliza ni kituo gani jirani kinazo, na usiondoke bila jina la dawa yako limeandikwa. Kisha mwambie mhamasishaji wako wa afya au afisi ya wadi, ili nasi tuulize maswali. Na kama hujajisajili na SHA, fanya hivyo leo. Meza yao iko pale karibu na lango.

Mengine mnayajua, nitayapitia haraka. Tembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki. Kulima na kuchota maji kunahesabika. Acha sigara. Mnazi upunguze, na ukiacha ni bora zaidi. Uzito ukishuka hata kidogo, presha hufuata.

Siku ikikukuta

Mwisho, tujifunze jambo moja ambalo nyumbani kwetu hatukulijua asubuhi ile. Ukiona mtu uso umependa upande mmoja, mwambie atabasamu. Mwambie ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unaanguka. Mwambie aseme jina lake, usikie kama maneno yanapotea. Moja tu kati ya hayo likitokea ghafla, tazama saa, ukumbuke yalianza lini, na mkimbize hospitali. Usimkande, usimpe chakula wala kinywaji, maana anaweza kupaliwa. Usimpe dawa ya presha ya mtu mwingine. Usingoje jioni. Ubongo hufa dakika kwa dakika.

Kama unaamini ni upepo, sitabishana nawe leo. Dua inaweza kusomwa ndani ya gari mkielekea hospitali.

Wazee wangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi kwetu tunajenga ukuta, kila siku, kwa kumvisha mama mkubwa nguo na kumkatia nyama. Ufa ulikuwa kidonge kimoja kila asubuhi.

Pale chini ya mwembe kuna meza tatu, na viti vyenye mahali pa kuegemea. Kipimo ni dakika chache, na hakuna malipo. Aliyekuja peke yake, kesho amlete mtu mmoja wa nyumbani kwake, hasa yule anayesema haumwi popote. Jioni ukifika kwako, chukua kalamu, andika tarehe kwenye pakiti ya chumvi.

Mimi naendelea na kazi yangu ya picha. Lakini leo nitakayemkuta na kamera, kwanza nitamuuliza kama amepimwa.